Somo la Usafiri: Kila Abiria Apande



Katika somo hili tutazungumza juu ya gari na vyombo vya abiria hapa Pemba. Hatutazungumza juu ya nauli, maana hilo mnalizungumza wenyewe kila siku stendi. Tutazungumza juu ya mtu asiyeweza kupanda ngazi ya gari, mtu asiyeona gari inapotoka, na mtu asiyesikia konda anapoita. Watu hawa tunao vijijini mwetu. Tunakula nao, tunaswali nao, tunazikana nao. Lakini ndani ya gari ni nadra kuwaona. Kwa nini?

Tuanze kwa hesabu ndogo. Chukua kalamu na karatasi.

Sensa ya mwaka 2022 ilionyesha kwamba katika Tanzania, watu kama 11 katika kila watu 100 wenye umri wa miaka 7 na zaidi wana ulemavu wa aina moja au nyingine. Wamo wasioona vizuri, wasiosikia vizuri, wasioweza kutembea vizuri, na wenye shida nyingine. Sasa chukua gari inayobeba abiria 18. Kama kila mtu angekuwa anasafiri sawa na mwenziwe, ndani ya gari hiyo tungetazamia kuwaona wangapi wenye ulemavu? Zidisha 18 kwa 11, kisha gawa kwa 100. Utapata 1.98, yaani karibu watu 2. Katika kila gari!

Siku utakayopanda gari kutoka Konde kwenda Chake, hebu tazama. Ni kweli kwamba ulemavu mwingine hauonekani kwa macho. Lakini mwenye magongo umemwona mara ngapi? Mwenye kigari cha magurudumu je? Tusiseme kwamba hawapendi kutoka. Mtu ana mgonjwa wake Wete, ana kesi yake Chake, ana mwanawe anayeolewa Mkoani. Anapenda kutoka kama wewe. Ila mlango wa gari umemkatalia.

MLANGONI MWA GARI

Tuchukue mfano wa mama mmoja. Hatutampa jina, maana mama huyu yupo katika shehia nyingi. Miguu yake haina nguvu tangu utoto. Ana kigari cha magurudumu. Leo anatakiwa hospitali. Amesukumwa na mwanawe mpaka barabarani, gari imekuja, imesimama. Sikilizeni mazungumzo.

Konda: Mama, kigari hicho kitalipiwa. Huo ni mzigo.

Mama: Mwanangu, hii ni miguu yangu. Kuna abiria umemtoza nauli ya miguu yake?

Konda: Haya basi, tukunyanyue haraka, tumechelewa.

Mama: Nani aninyanyue?

Konda: Mimi hapa, na huyu kijana.

Mama ananyamaza. Anamwambia mwanawe amrudishe nyumbani.

Msomaji, umeelewa kwa nini amerudi? Siyo nauli. Mama huyu ni mtu mzima, ana heshima yake, amevaa buibui lake. Anaambiwa abebwe kifuani na vijana wawili asiowajua, mbele ya gari nzima. Kanga itafunuka, watu watatazama. Amechagua kukosa dawa kuliko kukosa sitara. Konda hakukusudia ubaya; alitaka kusaidia. Lakini kumbeba mtu mzima kama gunia la karafuu si msaada ambao kila mtu anaweza kuupokea. Sisi tunaona kwamba jambo hili, hapa kwetu, ndilo linalowafunga wanawake wengi nyumbani kuliko ngazi yenyewe, na halizungumzwi kwa sababu wahusika wanaona haya kulisema.

Akishindwa gari ya abiria, atafanyaje? Atakodi gari. Tuseme nauli ya kawaida ni shilingi 2,000, na kukodi gari ni shilingi 30,000. Gawa 30,000 kwa 2,000. Jibu ni 15. Maskini kuliko wenziwe, naye analipa mara kumi na tano.

HESABU YA UBAO

Watu wengi wakisikia habari hii husema, "Wekeni ubao, kigari kipande." Fikra nzuri. Lakini tuipime kwanza.

Mafundi wa majengo wana kanuni moja. Ili mtu aliye katika kigari aweze kupanda mwenyewe bila kuchoka wala kupinduka, kila sentimita 1 ya kimo inataka sentimita 12 za urefu wa mteremko. Sasa nenda kapime gari. Tuseme sakafu yake iko sentimita 70 juu ya ardhi. Zidisha 70 kwa 12. Unapata sentimita 840, yaani mita 8 na sentimita 40. Ubao huo ni mrefu kuliko gari yenyewe! Utaufunga wapi?

Akiwapo msaidizi mwenye nguvu wa kusukuma, na kimo kikiwa kifupi, mteremko unaweza kuwa mkali zaidi, hata sentimita 6 kwa kila sentimita 1. Hapo 70 mara 6 ni sentimita 420. Bado ni mrefu, na kwa kimo kile bado ni hatari.

Basi wenye gari wanaposema, "Jambo hili sisi peke yetu hatuliwezi," tusiwabeze. Wana neno. Ngazi yao wakiishusha chini sana itagonga mawe katika njia za mashamba. Lakini kuna njia ya pili. Badala ya kuishusha gari, tuinyanyue ardhi.

Fikirini jukwaa la mawe na saruji pale gari inaposimama, kimo chake sentimita 50. Gari ikisogea kando ya jukwaa, kimo kinachobaki ni 70 kutoa 50, yaani sentimita 20 tu. Kwa msaidizi mmoja, 20 mara 6 ni sentimita 120. Ubao wa mita 1 na sentimita 20 unaingia chini ya kiti cha gari yoyote. Na kulipanda jukwaa lenyewe? Hapo tunarudi kwenye kanuni ya kwanza: 50 mara 12, ni mteremko wa mita 6. Mteremko huo haubebwi na gari. Unajengwa mara moja, unakaa hapo miaka. Na si wenye vigari peke yao watakaoutumia. Bibi mwenye magoti mabovu ataupanda, mjamzito ataupanda, na mwenye tenga la samaki ataushukuru pia.

Tena kisiwa chetu si bapa. Pemba ni vilima na mabonde. Ziko sehemu nyingi ambapo barabara imechimbwa na ukingo wake umesimama juu, sawasawa na sakafu ya gari. Ukingo kama huo ukisafishwa na kuimarishwa kwa mawe, jukwaa limepatikana kwa bei ndogo. Shida ni kwamba kila dereva husimama anapotaka yeye. Hilo halitaki saruji, linataka mazungumzo na madereva.

Ubao wenyewe uwe na upana usiopungua sentimita 80, uwe na kingo ndogo pembeni ili gurudumu lisichomoke, na uwe na nguvu. Hesabu uzito: mtu kilo 70, kigari kilo 20, msaidizi kilo 70. Jumla kilo 160. Msitumie ubao wa sanduku la sabuni.

Na kwa mama yetu wa mfano? Yeye anaweza kupanda akiwa juu ya kigari chake, bila kushikwa na mtu mwilini. Msukumaji ni mwanawe. Heshima yake imebaki. Akifika ndani, kama hakuna nafasi ya kigari, atahamia kwenye kiti kwa ubao wa kuhamia. Huu ni ubao mdogo, urefu kama sentimita 70 na upana kama 25, uliopigwa msasa ukawa laini kabisa. Upande mmoja unawekwa juu ya kigari, upande wa pili juu ya kiti cha gari, na mtu anajisukuma taratibu kwa mikono yake mpaka avuke. Seremala yeyote ataufanya kwa nusu saa. Kabla ya kuhama, breki za kigari zikazwe. Wanaosahau breki hukaa chini.

Neno moja juu ya vigari vyenyewe. Kuna kigari cha kukunja, na kuna baiskeli ya magurudumu matatu inayoendeshwa kwa mikono. Baiskeli ni nzuri sana kwa njia ndefu za kijijini, lakini haikunjwi, na katika gari ya abiria haiingii. Anayepewa chombo aulizwe kwanza anakwenda wapi na kwa njia gani. Nchini mwetu tuna mafundi waliosomea kazi hii. Pale Moshi, katika hospitali ya KCMC, kuna chuo cha mafundi wa viungo bandia na vifaa vya kutembelea, kilichoanzishwa mwaka 1981. Kigari cha kugawiwa tu, bila mtu kupimwa, mara nyingi huishia uani kikianikiwa nguo.

WENGINE WAMEFANYAJE?

Jukwaa tulilolisema si ndoto. Katika Dar es Salaam, mwezi wa Mei 2016, yalianza kazi mabasi ya mwendo wa haraka kati ya Kimara na Kivukoni. Vituo vyake vilijengwa juu, sawa na sakafu ya basi. Basi likifika, mlango unafunguka na abiria anaingia kama anayetoka chumba kimoja kwenda kingine. Mwenye kigari anaingia, mwenye mtoto mgongoni anaingia. Lakini hata huko kazi haijesha, maana mtu lazima kwanza afike kituoni kutoka kwake, na uchochoro wa nyumbani kwake una mitaro na mchanga.

Safari ni kama tasbihi. Uzi ukikatika mahali pamoja, shanga zote zimemwagika. Gari nzuri haimfai mtu aliyekwama njiani kabla ya kufika stendi.

Jirani zetu wa Kenya walitunga sheria mwaka 2003 iliyowataka wenye gari za abiria wazirekebishe ziwafae watu wenye ulemavu. Miaka ikapita, matatu nyingi zikabaki na ngazi zilezile. Sheria ilikuwa nzuri, lakini konda haisomi sheria mlangoni.

Na huko Marekani, nchi yenye mali, msidhani mambo yalikuja yenyewe. Tarehe 5 Julai 1978, katika mji wa Denver, watu 19 wenye ulemavu walikwenda katikati ya barabara kubwa na kuyazuia mabasi ya mji. Mabasi yale yalikuwa mapya, na hayakuwa na njia ya kupandia kigari. Wengine walishuka kwenye vigari vyao wakalala juu ya lami. Walikaa usiku kucha mpaka siku ya pili. Baadaye mji ule ukaweka vifaa vya kunyanyulia vigari katika mabasi yake, na mwaka 1990 nchi nzima ikapata sheria. Hatumwambii mtu akalale barabarani pale Chake; pengine kwetu baraza moja zuri kwa sheha linatosha. Lakini mjue kwamba walioomba kwa upole kwa miaka mingi kabla ya siku ile hawakusikilizwa.

PWANI NA GATINI

Sasa tuje kwenye jambo ambalo Dar na Denver hawatufundishi. Sisi ni watu wa kisiwa. Mgonjwa akipewa barua ya kwenda Mnazi Mmoja, lazima avuke bahari. Na wenzetu wa Kojani, wa Makoongwe, wa Kisiwa Panza, wao huvuka bahari hata kwa kufika sokoni.

Gati halisogei, lakini maji yanasogea. Katika bamvua, tofauti kati ya maji kujaa na maji kupwa kwetu hupita mita 3. Meli hupanda na kushuka pamoja na maji. Basi ngazi iliyokuwa karibu sawa maji yalipojaa, baada ya saa sita hivi inaweza kuwa kilima. Mtu mwenye magongo aliyepanda asubuhi bila tabu, siku ya kurudi anakuta ngazi imesimama kama mnazi. Wengine hudhani ni uzembe wa mabaharia. Pengine ni mwezi tu.

Kuna nchi zilizotengeneza gati linaloelea. Ni jukwaa kubwa lililofungwa kwenye nguzo; maji yakijaa linapanda, yakipwa linashuka, na kila mara liko sawa na chombo. Kwa boti ndogo hiyo ndiyo dawa hasa, na tungependa kuona bandari zetu ndogo zinafikiriwa hivyo. Lakini kabla ya siku hiyo, tumieni elimu mliyorithi kwa wavuvi. Maji mafu huja baada ya nusu ya mwezi, kati ya tarehe 8 na 10 hivi za mwezi wa Kiislamu, na tena kati ya tarehe 22 na 24. Siku hizo maji hayapandi sana wala hayashuki sana, na ngazi haibadiliki sana. Kama tarehe ya hospitali inaweza kusogezwa, mwombeni daktari aisogeze hapo. Wengi hawajui kama wanaweza kuomba.

Katika visiwa vidogo shida ni kubwa zaidi. Maji yakipwa, mashua hukaa mbali, na abiria huenda kwa miguu ndani ya maji na tope. Mtu asiyetembea hubebwa mgongoni. Mzee wa watu, mwenye wajukuu, anabebwa mgongoni na kijana anayeteleza juu ya mwani! Na mwanamke je?

Hapa tunapendekeza kiti cha kubebea. Chukua kiti cha mbao chenye egemeo, kiwe imara. Pitisha miti miwili mirefu na iliyonyooka chini ya makalio ya kiti, mmoja kulia mmoja kushoto, uifunge kwa kamba nzuri. Watu wanne hushika ncha nne. Anayebebwa hashikwi mwili. Kama ni mwanamke, wanawake wenziwe wanne wanaweza kumbeba, maana uzito umegawanyika. Tuseme ana kilo 60 na kiti kilo 8. Jumla 68, gawa kwa 4, kila mmoja anabeba kilo 17. Ndoo ya maji huzidi hapo, na kila siku mnaibeba kichwani.

Lakini sikilizeni sana neno hili. Msimfunge mtu kwenye kiti wala kwenye kigari akiwa ndani ya chombo. Fungeni kigari kwenye chombo kama mnataka, mtu asifungwe. Chombo kikipinduka, aliyefungwa huzama na kiti chake. Avae jaketi la kuokolea kabla ya kuondoka pwani, sio mawimbi yakianza. Asiyetembea anaweza kuelea akiwa na jaketi kama mtu mwingine yeyote.

Pemba haihitaji kukumbushwa sana habari hii. Usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba 2011 meli ya Spice Islander, iliyokuwa imejaa kupita kiasi, ilizama karibu na Nungwi ikija huku kwetu. Maiti zaidi ya 200 zilipatikana, na wengi wengine hawakuonekana tena. Hakuna kijiji hapa kisichomjua mtu aliyepotea. Chombo kikijaa mpaka watu wanakaa njiani na juu ya ngazi, mwenye nguvu anaweza kurukia nje. Mwenye kigari hana pa kupita. Kwa hiyo mkisafiri na mtu wa namna hiyo, mwambieni baharia mapema yuko wapi, mkalisheni karibu na mlango, na mizigo isiwekwe mbele yake. Na mkiona chombo kimezidi, shukeni. Meli nyingine itakuja.

ASIYEONA NA KIZIWI

Kwa hawa hakuna ubao unaohitajika. Kinachohitajika ni adabu.

Mtu asiyeona usimvute mkono, wala usimsukume kwa nyuma. Mpe salamu kwanza, taja jina lako, muulize, "Nikusaidie?" Akikubali, mpe kiwiko chako akishike yeye. Wewe tangulia nusu hatua. Mkifika kwenye ngazi, mwambie, "Ngazi, inapanda, vipandio viwili." Weka mkono wake juu ya chuma cha mlangoni. Ndani ya gari mwonyeshe kiti kwa kuuweka mkono wake juu ya egemeo. Kukaa atakaa mwenyewe. Fimbo yake nyeupe usiichukue, hata ukiona inakuzuia. Ile ndiyo macho yake. Kila tarehe 15 Oktoba dunia nzima huadhimisha Siku ya Fimbo Nyeupe, lakini kwa dereva kila siku iwe siku yake: ukiiona fimbo hiyo barabarani, punguza mwendo.

Konda naye ataje vituo kwa sauti, kila kimoja. Sio kugonga bodi tu. Asiyeona akisikia "Chanjaani," "Mtambile," anajua yuko wapi kama wewe unayeona mkarafuu wa kwenu. Na atajiwe gari inakokwenda kabla hajapanda. Namba ya 603 au 606 iliyoandikwa mbele haimfai kitu.

Kiziwi ni kinyume. Huyu unaweza kupiga kelele mpaka koo likauke. Gari imebadilisha njia, konda ametangaza, watu wote wameshuka, yeye amekaa. Kisha wanamwona mjinga! Gusa bega lake taratibu, mtazame usoni, onyesha kwa mkono. Na hapa, ndugu msomaji, ndipo kisomo chako kinapofanya kazi. Wewe uliyejifunza kuandika ukubwani, toa kalamu uandike: GARI HAIFIKI WETE. SHUKA HAPA. Kama kiziwi huyo amesoma, ataelewa mara moja. Ukiwa na simu, andika kwenye simu. Hata kwenye vumbi la kioo unaweza kuandika.

SHERIA INASEMAJE, NA TUMWONE NANI?

Zanzibar ilitunga sheria ya haki za watu wenye ulemavu mwaka 2006, na mwaka 2022 Baraza la Wawakilishi likapitisha sheria mpya badala yake. Lipo pia Baraza la Taifa la Watu Wenye Ulemavu Zanzibar, ambalo ni chombo cha serikali. Na Tanzania iliridhia mwaka 2009 Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa haki za watu hawa. Kifungu cha 9 cha mkataba huo kinataja usafiri wazi: uwafikie watu wenye ulemavu sawa na wengine, mjini na mashamba. Neno mashamba limo, msidhani tunaliongeza.

Wenyewe pia wana jumuiya zao. Umoja wa Watu Wenye Ulemavu Zanzibar ulianza mwaka 1985. Wasioona wana jumuiya yao, viziwi wana chama chao, na wanawake wenye ulemavu wana jumuiya yao. Kabla ya kujenga jukwaa lolote, waiteni hawa. Sisi tumeona mahali mteremko umejengwa kwa fedha nzuri, umepakwa rangi, na juu yake pana kizingiti cha sentimita 15. Fundi alikuwa hodari. Hakumuuliza mtu mwenye kigari, basi.

Kwa stendi ya kijijini, anzeni kwa sheha. Kwa stendi za miji, jambo ni la Baraza la Mji. Gatini mwulizeni mkuu wa bandari. Andikeni barua, maana mnajua kuandika. Barua iwe fupi, iseme mahali, kimo mlichopima, na watu wangapi katika shehia hawawezi kupanda gari kwa sababu hiyo. Wekeni nakala. Barua yenye vipimo haijibiwi kwa "tutaona" kirahisi.

Kuhusu nauli ya kigari, madereva wa njia moja wanaweza kukubaliana wenyewe katika kikao cha siku moja kwamba kigari hakilipiwi. Hakuna wa kuwazuia.

MASWALI YA KIKUNDI

Someni kwa sauti, mtu mmoja kila fungu, kisha mjadiliane.

1. Katika shehia yenu wako wangapi wasioweza kupanda gari ya abiria? Msikisie. Andikeni orodha, muwatembelee, muwaulize mara ya mwisho walisafiri lini na kwa nini.

2. Mama katika mfano wetu alirudi nyumbani. Konda angesema nini, na angefanya nini, ili mama asafiri siku ile ile?

3. Pimeni sakafu ya gari inayopita kwenu, kutoka ardhini. Kama ni sentimita 65, na mna jukwaa la sentimita 40, ubao wenye msaidizi utakuwa na urefu gani? Na mteremko wa kulipanda jukwaa utakuwa mita ngapi? Majibu: sentimita 150, na mita 4 na sentimita 80. Anayepata jibu jingine arudie kutoa kabla ya kuzidisha.